Usomaji wa Saa Tisa

Mhandisi Anaeli ameizungushia wino mwekundu
nafasi tupu kwenye jedwali langu.
Saa nane usiku: mita kumi na nne nukta mbili.
Saa kumi: kumi na nne nukta sita.
Saa tisa, hakuna.
"Ndesario, posho ya siku nne umekula,
kisima kinapimwa kila saa. Ulilala?"

Chini ya dirisha Kiusa inapigia bei vitunguu,
mlima umejifunika blanketi lake la Julai,
na viatu vyangu bado vinamwaga mchanga wa Saadani
kwenye zulia la ofisi.

Sikulala, bosi.

Tulifika Jumanne, mimi na Shaweji dereva
na jenereta iliyokohoa tangu Segera.
Askari wa hifadhi wanakunywa maji ya chumvi;
chai yao ungeweza kuungia maharage.
Mtu wa Uru, niliyekua nikiinamia mfongo
na kunywa baridi ya mlimani kwa viganja,
sikujua maji yanaweza kukunyima
huku yamejaa upeo wa macho.

Tukashusha pampu. Nikaonja. Matamu, si haba.
Nikaanza: kamba, tochi, saa, daftari.

Magharibi alikuja twiga,
akatanua miguu kama fundi anayesaka spana chini ya gari,
akanywa dimbwi la jaribio letu.
Pongo wawili. Ngiri na ukoo wake.
Hao nimewaandika pembeni, wafute ukitaka.

Lakini saa tisa,
bahari ikipumua nyuma ya vichaka,
niliinua tochi nishushe kamba
na giza likawa na goti.
Goti tu.
Kisha sikio. Kisha, chini ya tumbo lile,
goti jingine, dogo, linalotetemeka.

Jenereta inanguruma, mama yule hana habari nayo.
Ameshika mdomo wa bomba kama anayeshika sikio la mtoto mtundu,
anakunywa, anamnywesha mwanawe,
anakunywa.
Shaweji amepandisha vioo, anaahidi zaka.
Mkonga ukaja ukanusa daftari,
ukaacha tone juu ya safu ya mita,
hilo doa unaloliona hapo, ulilodhani ni soda.

Mkononi nilikuwa na kamba yenye urefu wote wa kisima
na sikuweza kupima kitu.

Ningeweza kuandika nukta nne.
Ingekaa vizuri kati ya mbili na sita, ungetia saini.
Nimewahi kubuni namba, kule Boma Ng'ombe,
siku ya mvua. Nisamehe.
Hii imenishinda.
Andika: maji yalikuwepo.
Yalikuwa yananywewa.

Anaeli anatazama doa,
analigusa kwa kidole, anakinusa.
"Alikunywa lita ngapi?" anauliza,
na tayari ameshika rula,
anachora safu mpya.