Usiku wa Kuamkia

Saa tano usiku, Tononoka, juu ya duka la matairi,
feni inazungusha joto lile lile.
Skrini imenigomea: faili moja, mikono miwili,
mstari wa mia mbili na kumi na nne.

Juu, vishale saba, kisha maneno ya Swabra.
Chini, maneno ya Tsuma, kisha vishale saba.
Na katikati mashine imepanga alama za sawa,
sawa sawa sawa sawa sawa sawa sawa,
mahali ambapo hakuna aliye sawa na mwenzake.

Swabra ameandika: siku huanza jua likizama.
Ndivyo wanavyohesabu kwao Kuze;
ukimwambia usiku wa Ijumaa
ameshafukiza udi Alhamisi.
Tsuma ameandika: siku huanza saa sita usiku,
ndivyo isemavyo seva, ndivyo isemavyo risiti.
Kila msimbo, peke yake, haukosei.
Nimeujaribu. Taa zote kijani.

Lakini ukumbi ni mmoja,
na juma lililopita walifika mabibi harusi wawili,
masufuria ya biriani kutoka pande mbili,
na mama mmoja aliyekwisha kuvua kiatu.

Ningebofya "chukua yangu", au "chukua yao",
nikaenda zangu kulala.

Nikampigia Swabra. Akasema:
Nilifuta chake kwa sababu hakuniuliza.
Nikampigia Tsuma. Akasema:
Sikumwuliza kwa sababu sikujua kuna swali.
Nikakaa na sentensi hizo mbili
muda mrefu kuliko nilivyokaa na msimbo.

Kisha nikamkumbuka shangazi na kadi zake za mwaliko,
kalamu ya wino wa kijani, ulimi pembeni ya mdomo,
asivyoandika "usiku wa" akaishia hapo.
Aliandika: usiku wa kuamkia.
Neno lenye milango miwili,
linaitaja siku ijayo bila kuifukuza iliyopo.

Nikafuta vishale. Nikafuta sawa zote saba.
Nikaandika mstari usio wa Swabra wala wa Tsuma,
unaomwuliza mteja: kuamkia lini?
Na pembeni, kwenye maelezo ambayo mashine huyaruka,
nikaacha majina yao yote mawili.

Imeungana. Saa sita na dakika mbili.
Tarehe kwenye kona ya skrini imegeuka.
Kwa Tsuma, leo ndiyo kwanza imeingia.
Kwa Swabra iliingia zamani,
nilipokuwa nimeshuka kununua viazi karai.