Punje ya Njegere

Tyubu niliikuta Machi, nyuma ya wembe wangu,
imebanwa katikati, si mkiani.
Ndivyo alivyobana kila kitu, Lamzira:
dawa ya meno, haradali, na mimi.

Ilizungushiwa karatasi, ikafungwa kwa mpira,
mwandiko uleule wa kuandikia madeni:
"Jumatatu na Alhamisi. Usiku tu.
Kiasi cha punje ya njegere.
Kando ya macho usiguse. Subira."

Alikuwa akimwandikia nani? Yeye alijua.
Mimi ni fundi wa kuchomelea, nusu ya mageti ya Kutaisi ni yangu;
uso huu umekula cheche miaka thelathini na minane
na haukupata kuomba hata maji ya uvuguvugu.
Lakini Alhamisi ilifika,
na nyumba ilikuwa na kimya cha kumeza mtu.
Nikajipaka njegere yangu.

Wiki ya pili nikaanza kubambuka
kama rangi ya zamani kwenye bomba.
Tsiuri wa ghorofa ya juu akanishika kidevu ngazini:
"Nugzari, umeungua?"
Nikasema tanuri. Mtu mzima, nasingizia tanuri!

Binti yangu, anayetunza wazee wa watu huko Bolonya,
akanitazama kwenye simu, akanyamaza, kisha:
"Baba, vaa kofia. Ukipaka kitu hicho, jua ni adui."
Sikuwa nimemwambia lolote.

Sitadanganya: makunyanzi yapo.
Yamelegea kidogo tu, kama fundo
lililokubali ukucha.
Ila mara mbili kwa wiki
kidole changu hupita njia aliyopita chake,
paji, shavu, shavu, kidevu,
na hiyo ndiyo miadi pekee ninayoitunza.

Septemba ikaisha. Nikaipasua kwa mkasi,
nikakomba pembe zake kama mtoto na sufuria.
Kesho yake nikavaa shati la pasi, nikaenda duka la dawa.

"Retinoli," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia misumari.
Msichana akatabasamu. "Ya mkeo?"
"Ya mke wangu."
"Ngozi yake ikoje?"

Nikaegemea kaunta.
Kavu, nikamwambia, hasa wakati wa baridi.
Chini ya sikio la kushoto ana alama, mafuta ya moto.
Akicheka hujikunja hapa, na hapa,
na hapa pia, ila hapa mpaka acheke kweli.

Foleni nyuma yangu ikakohoa.
Msichana hakunikatiza.