Mengineyo

Mimi ndiye niliyeandika mihtasari ya tawi letu
miaka tisa, kaunta buku ya kwaya tatu, kalamu ya buluu.
Agenda ya kwanza, kufungua. Ya pili, yatokanayo.
Kisha mishahara, posho ya usiku, gambuti zinazovuja.
Ya mwisho, Mengineyo:
hapo ndipo tulipomweka Mbuke Lufungulo
na viziwi wenzake wawili wa laini ya tatu,
hapo ndipo saa ilipotuishia.

Mpe Mbuke sangara wa kilo nane.
Pigo nyuma ya shavu, pigo mgongoni,
mnofu unatoka kama shuka likianuliwa kambani,
bondo analiweka kando bila kulitoboa.
Hasikii tangu homa ya utotoni, kule Sengerema.
Lakini kiwandani humo nani anasikia?
Kompresa zinanguruma, barafu inamwagwa,
sote tunasema kwa vidole:
lete kreti, noa kisu, msimamizi huyo.
Vidole hivyo ni vyake. Tuliviazima,
hatukumwomba.

Mara nne alileta karatasi:
"King'ora hatukisikii. Tunaomba taa."
Mara nne nikaandika, Hoja imepokelewa.
Mwenyekiti Masatu, mtu mwema, hana hila,
alisema, "Hawa wachache tutawabeba taratibu."
Na chini ya kila muhtasari nikaweka:
Wajumbe wote walisikia, wakaridhia.
Nililipenda neno hilo, walisikia.
Lilifunga kikao vizuri.

Usiku mmoja wa Machi bomba la amonia likapasuka.
King'ora kililia mpaka Pasiansi.
Tulikimbilia langoni, leso puani, macho yanamwagika,
tukahesabiana kwenye ukoka: mia mbili na kumi na moja.
Zamu ile ilikuwa na watu mia mbili na kumi na wanne.
Ndani, mwisho wa laini, chini ya taa nyeupe,
watatu walikuwa bado wanakata samaki.
Mbuke ndiye aliyenusa. Akawashika wenzake viwiko,
akatoka nao, magamba mikononi.
Hakulia. Alinitazama mimi, mwenye daftari.

Juni, uchaguzi, tumejazana bwaloni.
Mpwa wake Nyamizi akavipa vidole sauti:
"Kila mwezi ada yangu inakatwa nzima.
Hamjawahi kunikata nusu kwa sababu sisikii.
Sitaki taa tu.
Nataka kiti cha kuamua taa ikae wapi."

Nyuma mtu akanung'unika,
"Huyo atajadiliana vipi na mwajiri?"
Mama Kwiligwa wa kufungasha akamgeukia:
"Sisi wenye midomo tumepata nini?"

Kura zilikuwa za mikono.
Walioafiki wakaichezesha hewani,
ndivyo viziwi wanavyopiga makofi,
nikashindwa kujua kura ipi, shangwe ipi.
Nilihesabu mara tatu, Masatu akinishikia kalamu.
Mia moja na ishirini na tisa.

Sasa taa zipo nne, nyekundu. Moja imeungua,
tunabishana na meneja juu ya balbu.
Vikao vimerefuka, sitadanganya:
mmoja aseme, mwingine asubiri,
Nyamizi apumzishe mabega,
nasi tujifunze kutokatizana.
Alama ya samaki naiweza. Ya mshahara naikosea,
Mbuke anacheka mpaka anaegemea meza.

Jumamosi iliyopita nilianza, Wajumbe wote wali,
kalamu ikakwama.
Mlangoni walisimama vibarua wa mapanki,
wasio na mkataba, wasio na kadi, miguu mitupu,
hawajui kama waingie.
Mimi sikuwaona. Mbuke aliwaona.
Akagonga meza, akanyoosha kidole kwao,
kisha kwenye ukurasa wangu, juu kabisa, mstari wa kwanza.

Majina yao sikuyajua.
Nikainuka kwenda kuuliza.