Nyumba Kwanza

Wa kwanza alitufia kwenye boksi la viatu,
siku ya tatu, kabla ya adhana ya magharibi,
mweusi kama mkaa uliomwagiwa maji.
Nkwimba alimwekea maji kwenye kifuniko cha chupa
na mimi, fundi redio, mtu mzima, nikasema: yatamtosha.
Hatukujua kwamba kinyonga hayatambui maji yaliyotulia,
kwamba hunywa tone likiwa linaanguka
au likining'inia kwenye ncha ya jani.
Alikufa kwa kiu, hapa Mabatini,
dirisha wazi, ziwa lote likimtazama.

Safari hii, nyumba kwanza.

Nimenunua wavu wa chuma laini pale Mlango Mmoja.
Wavu wa dagaa nimeukataa, ingawa ni wa bure:
kucha hunasa, na aliyenaswa huvuta mpaka damu.
Kizimba kinanifika kifuani. Mgeni huyu hupanda, hatembezi.
Nimekiweka mbali na jiwe la nyuma ya nyumba,
maana jiwe lile hula jua mchana kutwa
na kulitapika hadi saa tatu usiku.
Ndani, mche wa mpera kwenye kopo la rangi.
Juu, mrija wa dripu, mpya, wa duka la dawa;
nimekaza kigurudumu chake
mpaka tone moja kwa pumzi mbili.

Nyenje wako kwenye ndoo chini ya kitanda,
wananenepa kwa pumba na karoti.
Mama Ng'walu wa chumba cha pili anauliza:
siku hizi mnafuga kelele?
Maganda ya mayai tumeyatwanga yakawa poda
ya kuwapaka nyenje, ili mifupa ya mlaji isipinde.
Barua ya kibali iko ofisi ya wanyamapori.
Inakwenda kwa mwendo wa kinyonga mwenyewe.

Mama yangu alipiga simu kutoka Magu:
*Kinyonga? Akizaa hupasuka tumbo.
Usimwonyeshe mtoto.*
Nikamwambia huyu wetu hutaga, huchimba shimo.
Hupasuka yule asiyepewa udongo,
anayezunguka sakafuni siku nne, siku tano,
mzigo tumboni, akitafuta pa kuutua.
Mama akanyamaza. Alizaa saba, wanne kwenye majani ya migomba.
*Basi mpe udongo,* akasema, akakata.

Nimejaza ndoo ya lita ishirini:
mchanga wa ufukwe wa Igombe, nimeuosha mara nne,
nikauchanganya na udongo wa shamba.
Ukiufumbata, unashikamana.

Nkwimba ana daftari la hesabu.
Mayai thelathini na tano. Vinyonga thelathini na tano,
kila mmoja na kijumba chake,
maana hata ndugu, wakitazamana sana, huugua.
Ukurasa wa pili, majina ya watakaowachukua:
Mwalimu Bulugu. Binamu Lushinge.
Kalamu ikasimama.
*Baba, wawili tu.*
Basi dume asubiri. Tutaanza na jike peke yake.

Usiku huu umeme umekatika.
Nyenje wanalia. Tone linaanguka,
jani linainama, linainuka.
Kizimba bado kitupu.
Nkwimba ameingiza kidole chini ya jani,
anangoja tone limfikie.
Hajasogea.