Chaguo la Kwanza

Dirisha la udahili limefunguliwa,
nami nimefungua duka saa kumi na mbili,
vumbi la Mabatini bado limelala juu ya mawe.
Kompyuta mbili, moja haina herufi K.
Mashine ya kopi inayokohoa kama mzee wa kiko.
Na benchi. Benchi limejaa.

Wanakuja na bahasha za kaki,
namba za mtihani wamezishika kichwani kama sala,
na wote wananiuliza mimi, mpiga chapa:
"Kaka Bulugu, nianze na kipi?"

Nkwimba amekuja na mama yake.
Mama ametoka Mwaloni moja kwa moja,
ananukia dagaa wala haombi radhi.
Anafungua pindo la kanga:
elfu kumi, na elfu kumi nyingine, zina chumvi.
Moja anaiweka mezani.
Ya pili anaikunja tena.
"Hii ya dirisha la pili. Leo ombi ni moja."

Moja.

Kutoka mlangoni kwangu Bugando inaonekana,
imekaa kilimani, madirisha yake mengi.
Nkwimba amekua akizihesabu zile taa
usiku, umeme wa kwao ukikatika.
Huko angesoma udaktari na kurudi kulala nyumbani,
ugali wa nyumbani, kitanda cha nyumbani,
hata miwani ikivunjika, kuna mjomba.

Kingine kiko Dar es Salaam.
Nafasi za kuhesabu,
waombaji kama usubi wa ziwani
ukipanda asubuhi, mgeni akadhani ni moshi.
Akitupa karata yake huko, ikarudi tupu,
dirisha la pili huku kilimani
huenda akakuta makombo, au sahani iliyooshwa.

Ana pointi nne. Nne!
Nimeziona mwenyewe, nikazisoma mara mbili.
Lakini pointi nne wanazo wengine pia,
na wao hawaniambii wanaomba wapi.

Amegeuza risiti, amechora mstari katikati.
Huku ameandika *nauli, chumba, mkopo?*
Kule ameandika neno moja, kisha amelifuta
kwa kidole chenye mate.

Mama anasema:
"Dagaa huanikwa jua likichomoza.
Ukingoja kwanza uone kama mvua itanyesha,
jioni unauza chakula cha kuku."

"Na mvua ikinyesha wakiwa wameanikwa?"

"Hapo ndipo unapokimbia, mwanangu.
Kwani miguu uliiomba ya nini?"

Benchi lote limecheka.
Mimi sikucheka vizuri.
Mwaka wangu nilisubiri: nilisubiri hela ya baba mdogo,
nilisubiri wenzangu waombe nione wamepata nini,
nikaingia dirisha la pili na cheti kizuri,
na kozi niliyoitaka iliandikwa kwa wino mwekundu
neno fupi, *Imejaa*.
Sijamwambia mtu. Watu huja hapa kuchapa,
hawaji kusikiliza.

"Kaka, ungekuwa wewe?"

Ulimi ulishafika kwenye meno.
Nikaurudisha.
Nikamsogezea kibodi, nikasema tu,
"K haipo. Bonyeza kile kimpira chake, kwa ukucha."
Jina lake lina K. Nilisikia alivyoibonyeza,
mara moja, kwa nguvu, kama anayepigilia.

Nikatoka nje kununua maji nisiyoyataka.
Mawe yalikuwa yameanza kupata joto.
Niliporudi, kioo kilisema ombi limepokelewa,
na kiti kilikuwa wazi.

Ningeweza kufungua kumbukumbu nikaona.
Sikufungua.
Mama alikuwa kizingitini, anafunga upya pindo,
noti ya pili ndani, mafundo mawili safari hii.
Akageuka, kama aliyesahau kitu kidogo:

"Eti, basi la Dar siku hizi linatoka saa ngapi?"

Nikamwambia.
Benchi likasogea.
Aliyefuata alikuwa na bahasha iliyolowa kona moja,
na swali lilelile.