Nyuzi Kumi na Nne

Saa tisa za usiku, Jadida yote imelala
isipokuwa tanuri langu, na Faki anayekanda,
na hili tumbo.

Leo ndiyo siku ya kwanza tena.
Jana saa moja nilikula wali na mchuzi wa changu,
kisha nikakisukuma kisahani mbele ya Asya
kama mtu anayerudisha deni.
Akaniangalia. "Umeshaanza."
Sikumjibu. Akafunika kawa.

Zamani nilikuwa na majigambo.
Saa kumi na sita bila kitu, kila siku ila Ijumaa.
Sukari ikashuka, mkanda nikautoboa tundu jipya
kwa msumari wa moto, nikalionesha barazani lile tundu
kama mtoto na cheti chake.
Mkate nauza, mkate siutii mdomoni.
Hata Bi Mize akasema: huyu muoka boflo
ana mkataba na malaika.

Kisha kidole tumbo.
Nilidhani njaa. Siku mbili nzima nilidhani njaa,
nikaikazia meno, nikaisifu,
mpaka nikaangukia gunia la unga
na Faki akadhani nacheka.

Mkoani, saa sita usiku, daktari alinifungua.
Neno lilelile la magharibi, la tende na maji:
alinifungua, akasafisha kilichomwagika,
kisha akanifunga, nyuzi kumi na nne.
Nikalala nikiwaza lugha yetu ilivyo bahili,
kitenzi kimoja kwa mlango, kwa saumu, kwa ngozi ya mtu.

Miezi minane nikalishwa.
Uji wa pilipili manga kabla ya jua, supu, maziwa, ndizi za kupondwa;
dada zangu wakateremka kutoka Konde na vikapu.
Kila aliyekuja kunijulia hali
alinitazama mashavu, hakunitazama macho.
Yakajaa mashavu. Lile tundu la mkanda
likabaki huko ndani, peke yake,
nyumba iliyohamwa.
Na sukari nayo, ilijua njia, ikarudi.

Juzi Daktari Raya aliligusa kovu kwa kidole kimoja,
akasoma karatasi, akavua miwani.
"Ukitaka kurudi, rudi. Saa kumi na mbili tu.
Ukitetemeka, kula. Na usinifanyie ushujaa."

Kumi na mbili!
Watoto wa chuoni wananipita.

Saa kumi na moja boflo za kwanza zinatoka.
Harufu haijui kama nimefunga.
Inaingia tu, inakaa, kama shemeji.
Faki anapanga, mimi nahesabu, nakosea, nahesabu tena.
Mkono hautetemeki. Nautazama mara ya pili.
Hautetemeki.

Kumepambazuka. Bi Mize na kikapu chake:
"Nasikia umefunga?"
Nimjibu nini? Sina nia wala daku,
hii si saumu, thawabu yake sijui inaandikwa wapi.
"Nimejizuia," nikasema. Akacheka:
"Hata gari hujizuia, mlimani."

Saa moja kasoro dakika tatu.
Saa moja.

Na hapo ndipo nilipoisikia, ile sauti ya zamani,
laini, ya mtu anayenijua:
mbona uko mzima? Sogeza kidogo. Mpaka saa tano.
Nani atakuona.
Na kweli nilikuwa mzima. Ningeweza.
Siku zile mbili pia niliweza.

Chini ya shati mkono ukaipata ile njia nyembamba,
ngumu kama ukingo wa bakuli,
ukaifuata mwanzo hadi mwisho.

Nikachukua boflo ya pembeni, iliyoungua tako,
isiyouzika. Nikaivunja.
Moshi wake ukanipiga usoni.

"Kwani tayari?" Faki akauliza.
Tayari, nikamwambia, mdomo umejaa,
na sikumgeukia.