Pete za Darubini

Bunduki nilipewa wilayani Masindi
kwa sahihi mbili na picha ya pasipoti:
ya risasi moja, bolti ya kuvuta kwa mkono,
kitako cha mvule kilichoonjwa na mchwa upande mmoja,
na darubini ndani ya soksi ya shule.
Haina pete.
"Pete utatafuta mwenyewe," karani akasema,
nami, mgane wa mwaka wa nne,
nikalisikia neno lile likidondoka mezani.

Nilianza na pete fupi, za alumini.
Mpwa wangu Byenkya alizitoa Kampala
zimeviringishwa gazeti la michezo.
Darubini ikalala juu ya mtutu kama paka juu ya mkeka,
shavu likapata mto wake,
jicho likapata tundu lake.
Nikainua bolti:
ko!
Mkono wa bolti umegonga darubini.
Bunduki ya risasi moja isiyofunguka
ni fimbo ya bei ghali.

Za pili zilikuwa ndefu, za chuma, kutoka Hoima.
Mwenye duka aliziapia
kama mtu anayeuza ng'ombe mgumba.
Bolti ikapita, na kidole kikapita juu yake,
ila ili nione ilibidi ninyanyue uso,
shingo hewani kama korongo,
na kichwa kisichoegemea kitu hudanganya.
Kwa mita mia moja nilitoboa jerikeni.
Akiiki Nyamaizi ananidai jerikeni hadi leo.

Nikaenda kwa Onencan, fundi wa kukereza,
aliyeachishwa kazi kiwandani
kwa kutengeneza vitu vizuri kuliko vilivyoagizwa.
Hakuuliza bunduki ya nani. Alisema, "Lala."
Nikalala juu ya vumbi la chuma, kitako begani,
nikafumba macho, nikatulia, nikafumbua.
Akapima kwa karatasi za sigara
pengo la bolti na darubini,
na kwa vidole vinne
pengo la nyusi na kioo.
"Hapa pa teke. Ukiisogelea itakubusu,
na busu lake hushonwa hospitali."

Akazikereza kutoka ekseli ya trekta iliyokufa.
Si fupi, si ndefu:
zina kimo cha shavu langu.
Skrubu akazikaza kwa mshazari,
kidogo hapa, kidogo kule, arudi hapa,
kama anayepatanisha ndugu wenye shamba moja.

Risasi nilipewa tano.
Moja ilikwenda na jerikeni.
Tatu zimo kichuguuni: kushoto,
juu mno,
hapo.

Basi alfajiri, ukingoni mwa msitu wa Budongo,
mahindi ya Akiiki yameota ndevu,
nikamwona dume juu ya gogo, amenipa mgongo.
Wahenga husema nyani haoni kundule.
Nililiona mimi, pana kama sinia,
na nikaona aibu kidogo,
maana langu sijui nani analitazama.
Bolti ikapita kimya.
Shavu likaegemea.
Nyuzi za msalaba zikatua begani pake, hazitikisiki.
Akageuka, hindi mkononi,
akamenya ganda, na ganda, na ganda,
taratibu, kama anayefungua barua ya benki,
akakitazama kioo changu.

Nadhani alikuwa akihesabu.
Wao mahindini, thelathini na ushee.
Mimi, moja.

Nilichokilenga ndicho nilichokipata.
Vumbi la gogo likapaa,
na shamba zima likakimbia kwa miguu minne.

Fomu ya kuomba risasi nimeijaza jana.
Mahali palipoandikwa *Waliouawa*
nimeandika: jerikeni, moja; gogo, moja.
Mahali palipoandikwa *Hali ya silaha*
kalamu ilisita, kisha ikaandika:
pete zimekaa.